Visanduku Kumi na Vinne vya Afya

Habari hizi zimesimuliwa na watu walioapishwa wasizisimulie, kwa hiyo ni za kuaminika. Zilitokea katika Jamhuri ya Mnyoosho, nchi isiyoonekana kwenye ramani kwa sababu wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri barua ya utambulisho, na mpaka leo wanasubiri.

Mnyoosho ilikuwa na Wizara ya Afya na Mwonekano wa Afya. Waziri wake, Mheshimiwa Tandabili, alikuwa mtu mwenye kujali wananchi, na kila asubuhi kabla ya chai alifungua tovuti ya wizara yake akatafuta jina lake. Tovuti hiyo ilikuwa kubwa, kurasa elfu nne na ushee. Kila hospitali ilikuwa na ukurasa wake, kila zahanati na wake, kila ugonjwa na wake. Jumanne moja aliamua kutafuta picha yake badala ya jina, na chai ikapoa. Kwenye ukurasa wa Hospitali Kuu alikaa upande wa kulia. Kwenye ukurasa wa chanjo alikaa kushoto, tena amefumba jicho moja. Kwenye ukurasa wa minyoo aliwekwa bega kwa bega na mnyoo aliyekuzwa mara mia mbili, na maelezo chini ya picha yalikuwa mamoja kwa wote wawili. Kurasa elfu tatu na mia sita hazikuwa naye kabisa.

Mheshimiwa alisema afya ya taifa imetawanyika, akavaa koti, akaondoka bila kunywa chai.

Agizo lilifika ofisi ya kurasa kabla ya saa nne, likamkuta Bi. Sikudhani Mbaruku amesimama. Bi. Sikudhani alikuwa Mhariri wa Kurasa, mama wa miaka hamsini na mbili, na miaka kumi na tisa ya uuguzi ilikuwa imemsahaulisha kukaa. Alikuwa akifanya kazi wodi ya watoto huko Mtandavala, mbali kabisa, mpaka alipoandika barua kuuliza kwa nini dripu zinafika bila sindano. Wakubwa waliisoma, wakaona haifai mtu anayeandika vizuri hivyo apotee kijijini, wakamleta makao makuu, ambako hakuna wagonjwa.

Alipofika alipewa kiti chenye magurudumu. Akakisukumia ukutani, akaanza kuandika ukurasa namba mia nne kumi na saba, uitwao Mtoto Anaharisha: Fanya Hivi Sasa.

Ukurasa huo ulikuwa na mistari kumi na mmoja tu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari, vya kusawazisha. Nusu kijiko cha chumvi, isizidi. Mnyweshe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi kisha anza tena. Usiache kunyonyesha. Ukiona macho yamezama, au hajakojoa saa sita, au kinyesi kina damu, au hawezi kunywa, mbebe umkimbize hospitali huku ukimnywesha kama anaweza. Haukuwa na picha, haukuwa na salamu. Ulifunguka upesi hata kwenye simu ya bei rahisi yenye bando la siku moja, na kila siku ulifunguliwa mara mia tisa. Bi. Sikudhani aliwajua hao mia tisa. Alikuwa amewapokea wodini miaka kumi na tisa, watoto wakavu kama maganda, mama zao wakisema hawakujua wafanye nini njiani. Aliuandika ukurasa ule ili wajue. Hakuwa na kitu kingine maishani alichokionea fahari, na hakuona aibu kusema hivyo.

Basi agizo lilisema kurasa zote ziwe sawa.

* * *

Iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kiolezo Kimoja, wajumbe ishirini na sita, chini ya Mkurugenzi wa Ulinganifu, Bwana Ngwembe. Bwana Ngwembe alipenda mambo yaliyonyooka. Inasemekana nyumbani kwake wali ulipakuliwa kwa rula, ingawa hili mkewe amelikanusha kwa maandishi. Kamati ilikaa siku kumi. Siku tisa zilikwenda katika upana wa picha ya Waziri, na mengine yote yakaamuliwa siku ya kumi, kati ya chai na dua ya kufunga.

Iliamuliwa kwamba kila ukurasa utakuwa na visanduku kumi na vinne, katika mpangilio usiobadilika. Kwanza picha ya Waziri. Kisha salamu zake, ambamo viongozi wote watatajwa kwa vyeo kama ilivyo desturi ya hotuba, kuanzia Mtukufu Rais hadi wajumbe wa nyumba kumi. Kisha Dira, kisha Dhima, kisha Historia, Mafanikio ya Miaka Mitano, Faida, Wadau Wetu, halafu Changamoto, ambayo iwe moja na iwe inashughulikiwa. Ikafuata picha ya familia inayotabasamu, Fursa za Uwekezaji, Ratiba ya Ziara za Viongozi na Shukrani. Cha kumi na nne kiliitwa Mengineyo, kama ilivyo kwenye ajenda ya kikao chochote cha watu wenye adabu.

Bi. Sikudhani, aliyesimama nyuma karibu na mlango, aliuliza tiba itakaa kisanduku gani.

Kamati ikatazamana. Mjumbe mmoja akashauri iwekwe chini ya Wadau. Baada ya mashauriano marefu ikakubalika kwamba tiba ni Mengineyo.

Bi. Sikudhani akaomba ukurasa wake mmoja tu uachwe ulivyo. Alieleza kwamba mama anayeufungua ana mtoto mapajani anayeharisha hapo hapo, na hana muda wa kusoma Dira. Aliongea taratibu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akiongea na madaktari wapya. Bwana Ngwembe alimsikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa na adabu, kisha akavua miwani.

"Bi. Sikudhani, nikuelewe vizuri," akasema. "Unataka mtoto apone kabla mama yake hajasalimiwa na Waziri?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

Wajumbe wakaguna. Mwandishi wa kikao aliacha mstari mtupu mahali pa jibu lile, ili kumstiri.

* * *

Uzinduzi ulifanyika kwenye viwanja vya wizara, chini ya mahema, na bendi ya shaba. Kompyuta iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa, ikazungushiwa utepe wa rangi za taifa. Mheshimiwa Tandabili alizungumza saa mbili na robo. Alisema zamani mgonjwa wa mashariki na mgonjwa wa magharibi walikuwa hawafanani, lakini kuanzia leo hata maumivu yao yatapangwa mstari mmoja. Kisha akapewa mkasi, akakata utepe pamoja na waya wa mtandao uliokuwa umepitishwa nyuma yake. Bendi ikapiga. Tovuti ikawa haipatikani siku tatu, na wizara ikatangaza kwamba katika siku hizo tatu haikupokea lalamiko hata moja kupitia tovuti.

Ilipowashwa tena, kazi ya kujaza visanduku ikaanza. Kisanduku kitupu kilihesabiwa kuwa dharau, na kila kimoja kilidai maneno yasiyopungua mia moja. Waandishi arobaini waliajiriwa kwa mkataba. Vijana hao hawakuwa wavivu. Kwenye ukurasa wa kuumwa na nyoka waliandika Dira: kuwa na jamii inayoumwa na nyoka kwa viwango vya kimataifa. Kwenye Historia walirudi nyuma mpaka bustani ya Edeni. Kwenye Faida za kifua kikuu mwandishi mmoja alikesha, asubuhi akaonekana analia, akapewa likizo.

Ukurasa mia nne kumi na saba nao ukajazwa. Bi. Sikudhani alikwenda dukani akanunua simu ya bei rahisi na bando la siku moja, akasimama dirishani, akaufungua kama ambavyo mama wa Mtandavala angeufungua. Picha ya Waziri ilikuja kwa vipande, kwanza nywele, kisha paji la uso. Salamu zikaja, viongozi themanini na mmoja. Akashuka. Kwenye Mafanikio akasoma kwamba kuharisha kumeongezeka kwa asilimia kumi na mbili chini ya uongozi uliopo. Akashuka tena. Dakika ya kumi na moja, kwenye Fursa za Uwekezaji, bando likaisha.

Wiki hiyo hiyo alipigiwa simu na Mwajabu, muuguzi ambaye Bi. Sikudhani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi kule Mtandavala. Mwajabu alisema ameletewa mtoto wa mwaka mmoja, macho yamezama kabisa, kaponea chupuchupu. Mama yake alikuwa ameushika ule ukurasa njia nzima.

"Nikamuuliza, umempa nini," Mwajabu akasema. "Akanijibu, dada, nilifika kwenye Dhima, bando likakata, nikajua labda hiyo Dhima ndiyo dawa, nikawa naitafuta madukani."

Bi. Sikudhani hakulala vizuri usiku ule wala uliofuata.

* * *

Akaanza kutembea ofisi kwa ofisi. Wizara ya Mnyoosho haikuwa na roho mbaya, ilikuwa na Fomu ya Kuomba Kutofanana, kurasa tisa, nakala nne. Aliijaza akiwa amesimama. Ghorofa ya pili wakamwambia fomu hiyo huambatanishwa na mfano wa ukurasa mwingine uliowahi kuruhusiwa kutofanana kwa namna ile ile. Akauliza kama uko. Wakasema haujawahi kuwepo, na hilo ndilo linaloonyesha uimara wa utaratibu. Ghorofa ya tatu wakampa kiti, akakataa. Ghorofa ya nne alikuta watu wanakula karanga, wakamkaribisha, wakamwambia wao pia wanaona jambo lile halifai, ila wasinukuliwe. Ghorofa ya tano ilikuwa ya Waziri, na lifti haikufika huko bila Waziri kuwemo ndani.

Akashuka kwa ngazi.

Njia aliipata mahali asipoitegemea, kwenye semina ya lazima ya Alhamisi. Wasemaji walikuwa kumi na sita, na kila mmoja alipanda jukwaani akawataja wakubwa wote kwa vyeo kabla ya kusema chochote, na kufikia saa saba mchana hakuna aliyekuwa amesema chochote. Ndipo akapanda mzee mmoja wa idara ya maji, mgonjwa wa mgongo. Akashika kipaza sauti, akasema, "Itifaki imezingatiwa," akasoma taarifa yake kwa dakika mbili, akashuka. Watu wakampigia makofi ya kweli.

Bi. Sikudhani alitoka ukumbini kabla ya chakula, na watu wa Mnyoosho wanaojua semina wataelewa uzito wa jambo hilo.

Aliufungua ukurasa wake. Kwenye salamu za Waziri akafuta viongozi themanini na mmoja, akaandika: Itifaki imezingatiwa. Kwenye Dira akaandika vivyo hivyo. Kwenye Dhima, Historia, Mafanikio, Wadau na vingine vyote vya maneno, isipokuwa Mengineyo, akaandika maneno hayo mawili. Picha ya Waziri akaibana ikawa nyembamba kama rula, kwa sababu sheria ilitaja upana wake kwa siku tisa lakini urefu haikuutaja. Familia inayotabasamu nayo ikafuata. Mengineyo ikapanda juu mpaka ikaonekana bila kushuka hata mara moja, na mistari yake kumi na mmoja ikiwa mizima.

Wakaguzi waliupitia ukurasa huo mara mbili. Maneno yalikuwa mawili badala ya mia moja, hilo waliliona. Lakini ni mtumishi gani wa Mnyoosho atakayesimama kuuliza kama itifaki imezingatiwa kweli? Kuuliza tu kungekuwa ni kutozingatia. Wakagonga muhuri.

Siku kumi na tisa ukurasa ulifanya kazi. Ulifunguliwa mara mia tisa, kisha elfu moja, kisha elfu moja na mia tatu. Mwajabu alipiga simu kusema wodi ina vitanda vitupu vinne. Bi. Sikudhani aliporudi nyumbani siku hiyo alikaa kwenye kiti dakika tano nzima, na binti yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

* * *

Siku ya ishirini Bwana Ngwembe aliuona ukurasa. Alimwita ofisini, na Bi. Sikudhani akaenda akiwa amekunja barua ya kujitetea mfukoni. Alimkuta Mkurugenzi amesimama mbele ya skrini na machozi yanamlengalenga.

Alikuwa amefurahi. Alisema tangu aingie utumishi hajaona jambo lililonyooka namna ile. Visanduku vinaanza sawa, vinaishia sawa, havizidiani hata herufi. Waandishi wale arobaini, kila mmoja na maneno yake, walikuwa wamemkosesha usingizi, kwa sababu Historia ya surua ilikuwa ndefu kuliko Historia ya kichocho na hakuna aliyeweza kumweleza ni kwa nini. Alimshika Bi. Sikudhani mkono, akamwambia ameliokoa taifa.

Kufikia Ijumaa waraka ulikuwa umetoka. Kurasa zote elfu nne na ushee zijazwe kwa mtindo wa mia nne kumi na saba.

Bi. Sikudhani alidhani ameshinda. Tumwache na furaha yake ya siku mbili, alikuwa ameifanyia kazi. Jumatatu akaufungua ukurasa wake, akakuta Mengineyo imeandikwa: Itifaki imezingatiwa.

Alipanda ngazi mbili mbili. Bwana Ngwembe alimpokea vizuri, akamweleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Katika kila ukurasa visanduku vya maneno vilikuwa vinafanana isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kinaharibu. Kilikuwa kirefu, kina namba, tena kinataja kinyesi. Sasa tovuti imefikia ulinganifu wa asilimia mia. Taasisi ya Kimataifa ya Ulinganifu, iliyoanzishwa na wizara mwezi uliotangulia, ilikuwa tayari imeipa wizara tuzo.

"Na mtoto anayeharisha?" Bi. Sikudhani akauliza.

"Anafungua ukurasa kwa sekunde tatu tu," Bwana Ngwembe akasema. "Zamani alikuwa anachukua dakika kumi na moja. Ulilalamika mwenyewe, ninayo fomu yako."

Bi. Sikudhani alitoka bila kuaga. Alikwenda maliwatoni akafungua bomba, akalia huku maji yanatoka, kisha akanawa. Alilia kwa sababu njia ile ilikuwa yake, ameibuni mwenyewe, na sasa hata nyoka na kifua kikuu na kifafa vilikuwa vimefutwa tiba kwa werevu wake yeye.

* * *

Chini ya visanduku kumi na vinne palikuwa na ukanda mwembamba wa mawasiliano. Kamati haikuwahi kuujadili, maana dua ya kufunga ilikuwa imeshaanza. Kwa kuwa haukuwa kisanduku, waraka haukuutaja, na kwa kuwa haukutajwa, hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuukagua. Ulikuwa na sufuri tisa za mfano zilizoachwa na fundi. Bi. Sikudhani aligundua kwamba kiolezo kikiwa kimoja, ukigusa ukanda wa ukurasa mmoja umegusa kanda za kurasa zote. Akafuta zile sufuri, akaweka namba ya simu ya mezani kwake. Simu hiyo ilikuwa imelia mara mbili tu tangu ahamie, na mara zote mbili ni mtu aliyetafuta saruji.

Siku ya kwanza ililia mara arobaini. Siku ya tatu ilikuwa haiachi. Walipiga waliogongwa na pikipiki, wajawazito, mzee aliyemeza betri ya saa, na mwanamume mmoja aliyetaka kujua kama bado kuna fursa za uwekezaji katika kichocho. Bi. Sikudhani aliwajibu wote akiwa amesimama, mkonga umebanwa begani, akiwaelekeza hospitali ya karibu. Na waliopiga kwa ajili ya mtoto anayeharisha aliwasomea mistari kumi na mmoja kwa kichwa, akawaomba wairudie mpaka aridhike. Sauti ilimkauka. Alikuwa na wasiwasi wakati wote, kwa sababu anapoongea na mmoja alijua mwingine anapiga anakuta inatumika. Chakula cha mchana alikiacha, choo alikwenda mbio.

Wizara iligundua pale Bwana Ngwembe aliposhindwa kupata laini ya kuagiza soda. Hakukasirika. Alisema kuongea na wananchi ni jambo jema sana, ila sauti nayo ni ukurasa. Ikatoka fomu ya mazungumzo ya simu yenye vipengele kumi na vinne, kila kimoja kisomwe kwa ukamilifu. Kwenye simu hakuna kufupisha itifaki, kwa sababu kwenye simu mtu hawezi kuona picha ya Waziri, lazima aelezewe. Mtumishi akiruka kipengele kimoja, waya ung'olewe siku hiyo hiyo.

Akatumwa afisa wa kusimamia, Bwana Elisante Mkumbwa. Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, kalamu nne mfukoni, mtu ambaye hajawahi kuchelewa wala kuwahi popote. Aliingia na saa ya kupimia, rundo la fomu na koleo la kukatia waya, akavipanga mezani kwa mstari. Kisha akaomba samahani kwa usumbufu.

Simu ya kwanza mbele yake ilikuwa ya mtu aliyeuliza saa za kuona wagonjwa. Bi. Sikudhani akamsomea vipengele vyote, akamwelezea picha ya Waziri mpaka tai yake. Ilichukua dakika kumi na tisa. Walipofika kwenye Shukrani mtu yule alikuwa anakoroma. Elisante akatia alama kumi na nne za vema, akampongeza.

Simu ikalia tena. Sauti ilikuwa ya mwanamke, anahema, na nyuma yake kuna kilio chembamba kisicho na nguvu. Bi. Sikudhani alikijua kilio kile. Aliitazama fomu, akalitazama koleo. Akiruka, laini inakufa, na kesho mia tisa watapiga wasipate mtu. Asiporuka, zipo dakika kumi na tisa mbele ya mtoto huyu mmoja.

"Mtoto ana umri gani, mama?" akauliza.

Elisante akainua kalamu, akaandika kosa kwenye kipengele cha kwanza.

Mtoto alikuwa na miezi minane, alianza jana jioni, hajakojoa tangu alfajiri. Bi. Sikudhani akauliza kama anaweza kunywa. Akaambiwa akiona kikombe anakivuta. Basi akamwambia yale ya maji, sukari na chumvi, na mama akayarudia huku vyombo vinagongana. Akamwuliza zahanati iko umbali gani, akajibiwa mwendo wa saa mbili. "Mfunge mgongoni uondoke sasa hivi," akasema. "Kila hatua ishirini simama, mpe kijiko. Usingoje akulilie." Elisante alikuwa amefikia kosa la kumi na tatu. La kumi na nne hakuliandika, kwa sababu kalamu ilikuwa imesimama.

Mkonga uliporudi mahali pake Bi. Sikudhani akasogea pembeni ya meza, akamwachia nafasi afikie waya. Alimwambia hana kinyongo naye, anajua ametumwa. Elisante akalishika koleo. Akasema kwamba kwa utaratibu anapaswa kwanza kukamilisha fomu. Akaikamilisha taratibu mno. Kisha akaisoma. Kisha akachonga penseli, ingawa alikuwa anaandika kwa kalamu. Simu zililia katikati, tatu, na Bi. Sikudhani akazijibu zote bila salamu, na Elisante hakuchukua fomu mpya.

Saa moja na nusu ikapita. Simu ikalia, ikawa yule mama, yuko njiani, na safari hii anacheka na kulia kwa pamoja. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka upande wa pili wa meza: "Dada, amenikojolea. Mgongo wote umelowa."

Bi. Sikudhani akamwambia asirudi nyumbani, aendelee mpaka zahanati, aendelee na kijiko.

Elisante aliichukua ile fomu akaipitia toka juu mpaka chini, akitafuta mahali pa kuandika kwamba mtoto amekojoa. Hakupata. Akaigeuza, upande wa nyuma ulikuwa mweupe, akaandika pale. Kisha akauliza, bila kuinua macho, chumvi ilikuwa kiasi gani.

"Nusu kijiko cha chai, Bwana Elisante. Cha kusawazisha. Isizidi."

Akaliandika hilo pia, akalipigia mstari. Simu ikalia, na mkono wake ndio uliokuwa karibu. Akanyanyua mkonga kabla Bi. Sikudhani hajamaliza kumeza maji.

"Mtoto ana umri gani?" akauliza.

Upande wa pili alikuwa Bwana Ngwembe, anataka kujua kama waya umeshang'olewa. Elisante alimsikiliza kwa heshima mpaka akamaliza.

"Mkurugenzi, naomba ukate," akasema. "Unashika laini, na kuna watu wanapiga."

Alingoja kidogo. Alipoona hakati, akaweka mkonga chini mwenyewe.